Nani Aitwe Fundi wa Nyoka?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Ndugu Mhariri amenipa nafasi katika gazeti letu la muhula huu, nami namshukuru. Sitasema juu ya mpira wala juu ya maharagwe ya bwaloni, maana wenzangu wamekwisha kuyaandika hayo vya kutosha. Nataka kusema juu ya nyoka na watu wanaowafuga na kuwashika, na zaidi juu ya namna sisi wa shule hii tunavyowagawa watu hao mafungu mawili kwa kutazama rangi na kabila. Nawaomba walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzangu wanisikilize mpaka mwisho, kisha mwenye neno na alijibu.

Muhula uliopita, Jumamosi moja asubuhi, mpishi wetu alikwenda kuchukua kuni akamkuta kifutu amejilaza katikati ya magogo. Kifutu wengine humwita bafe au moma. Ni yule nyoka mnene, mfupi, mwenye rangi ya majani makavu, ambaye hakimbii asikiapo hatua za mtu, bali hulala pale pale mpaka akanyagwe. Makelele yakawa mengi. Mlinzi akaleta panga, nasi tukaokota mawe. Ndipo kijana mmoja wa Kidato cha Pili, mdogo wa mwili na asiyesema sana, akatuomba tusogee nyuma. Akachukua fimbo yenye panda, akambana nyoka nyuma ya kichwa, akamshika shingo kwa vidole vyake huku mkono wa pili ukiuchukua mwili, akamtia katika debe tupu na kulifunika kwa ubao. Halafu yeye na mwalimu wa zamu wakampeleka porini, mbali na shule, wakamwachia. Kazi yote kuni zilipolala haikuchukua muda wa kumaliza kikombe cha uji.

Sisi tulimlipa nini? Usiku ule ule ikasemwa bwenini kwamba yule ni mchawi, kwamba babu yake ana nyoka nyumbani, na kwamba nyoka yule aliletwa na yeye mwenyewe. Akapewa jina la Nzoka, yaani nyoka kwa Kinyamwezi. Watu wakaacha kumwazima ndoo. Kesho yake vitanda viwili vilivyokuwa karibu na chake vikasogezwa mpaka upande wa pili wa dirisha. Sina budi kusema kweli, kwa sababu si haki kuandika makala juu ya makosa ya wengine na kuficha langu: kitanda kimoja katika hivyo viwili kilikuwa changu.

Majuma matano baadaye chama chetu cha viumbe kilipata mgeni, kijana wa Kizungu aliyekuwa akipita Tabora katika uchunguzi wake wa wanyama watambaao. Alikuja na sanduku, na chuma kirefu chenye ndoano. Akatoa nyoka mbele yetu, akamshika shingo kwa vidole vyake huku mkono wa pili ukiuchukua mwili. Alituambia kwamba kwao alianza kufuga nyoka akiwa na umri wa miaka tisa, chumbani mwake mwenyewe, na mama yake alikuwa akipiga mlango kabla ya kuingia. Tulicheka, tukapiga makofi, na picha yake ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Hakuna aliyesema ni mchawi. Hakuna aliyeuliza babu yake alikuwa na nini nyumbani.

Sina ugomvi na mgeni yule. Alikuwa mpole na mwenye elimu, na mwisho wa maneno yake yeye mwenyewe aliuliza kama huku Unyamwezi wako watu wafugao au washikao nyoka. Ukumbi mzima ukanyamaza. Yule kijana wa Kidato cha Pili alikuwa ameketi safu ya nyuma kabisa. Nilimgeukia, nikamwona anatazama viatu vyake.

Basi tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali lililo juu ya makala hii.

Huko Ulaya na Marekani kufuga nyoka, mijusi, kobe na vinyonga ni jambo la kujifurahisha, kama hapa mtu afugavyo njiwa. Wana vyama vyao na masanduku yao ya kioo yenye taa za joto. Katika mji wa Hamm, Ujerumani, hufanyika soko la wanyama hao mara kadhaa kila mwaka, na watu huja kutoka nchi nyingi kununua na kuuza. Kwa sababu hiyo wengi wetu twadhani kwamba kupenda nyoka ni tabia ya Wazungu, na kwamba Mwafrika ajuaye nyoka ana jambo lake la siri. Hata wale wa huko hufikiri hivyo mara nyingi. Lakini mtu wa Tabora hana ruhusa ya kufikiri hivyo, kwa maana hapa ndipo penye bayeye.

Bayeye, mmoja wao muyeye, ni watu wa chama cha kale cha Wasukuma na Wanyamwezi, ambao kazi yao ni nyoka. Huwakamata, huwafuga katika vitunga, hucheza nao ngoma, na huwatibu walioumwa. Si ukoo, wala mtu hazaliwi muyeye. Mtu huingia kwa kufundishwa, hulipa ada, na huapishwa kutunza siri za chama. Kule Bujora, karibu na Mwanza, kila mwaka katika sikukuu ya Bulabo mwezi wa Juni, watu hukusanyika kutazama ngoma za nyoka. Ajabu ni kwamba wageni waliona maana ya jambo hili kabla yetu. Mmarekani mmoja, Frederic Carnochan, alikaa na watu wa nyoka katika Unyamwezi na kusimulia habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1935. Hans Cory, aliyezaliwa Austria na kufanya kazi ya serikali ya Tanganyika juu ya mila za watu, aliandika juu ya bayeye wa Usukuma mwaka 1946. Nami nimekaa Tabora miaka minne nisijue neno hilo mpaka mwaka huu!

Nimelijuaje? Nilikwenda kumwomba radhi yule kijana. Hakusema mengi, ila Jumapili ya mapumziko ya kati ya muhula alinichukua kwenda kwa babu yake. Tulipita kwa miguu upande wa Kwihara, penye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, tukaendelea mbele. Miembe ya zamani ingaliko njiani, na kijana akaniambia kwamba kwao mtoto hufundishwa kutokaa chini ya mwembe bila kutazama kwanza juu.

Mzee tulimkuta akishona mkeka. Nikamwamkia, "Mwangaluka, guku," akacheka matamshi yangu mpaka akaweka mkeka chini. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia mimi ni mtu wa Ujiji, na babu za babu zangu walikuwa Wamanyema kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. "Basi wewe ni mtu wa njia," akasema. "Hukuja kwa wageni, mjukuu wangu."

Maneno hayo yalinifikirisha, kwa sababu njia ile ndiyo iliyoifanya Tabora. Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, wakati mahali hapa paliitwa Kaze, walipokewa na Waarabu kutoka Oman waliokuwa na nyumba zao tayari, na wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wamekwisha kuizoea barabara ya pwani. Walipita humo watumwa, pembe, shanga na nguo. Reli ilipofika mwaka 1912 ilileta Wahindi wa maduka na makarani wa kila kabila. Hata katika bweni letu, kitanda kwa kitanda, yuko Mha, Mgogo, Msukuma, kijana wa Pemba, na mmoja ambaye babu yake alikuja kutoka Gujarati kuuza khanga. Sitaki kuisifu njia iliyobeba watumwa. Nasema tu kwamba mtu wa mahali kama hapa hawezi kushangaa kwamba ujuzi una rangi nyingi.

Mzee alinieleza kwamba aliyemfundisha yeye alikuwa Msukuma wa upande wa Shinyanga, na katika wenzake waliocheza pamoja alikuwapo Mtusi mmoja, mama mmoja wa Kisumbwa aliyewazidi wanaume kwa wepesi wa mkono, na mtoto wa Mwarabu wa mjini aliyekuja kwanza kwa kutazama tu, kisha akalipa mbuzi wake kama wengine. Nikamwuliza kama walimkataa mtu kwa sababu ya kabila. Akasema walimkataa mtu kwa sababu ya pombe, kwani mlevi humshika nyoka vibaya. Nikamwuliza pia juu ya dawa zao. Hapo akanyamaza, akaniambia mambo hayo hulipiwa mbuzi. Sikuwa na mbuzi.

Mambo mengine alinieleza bure. Alinieleza kwamba kifutu haatamii mayai bali huzaa watoto walio hai, jambo ambalo nililipata baadaye katika kitabu cha maktaba yetu. Alinieleza kwamba swila hutema sumu akilenga macho, na mtu aoshe kwa maji mengi upesi wala asisugue. Juu ya chatu alisema mama yake hujizungusha mayai yake na hutoka mara chache sana, basi ukimkuta amekonda usimwonee, yuko kazini. Nilimtazama mkono: kidole cha shahada cha kushoto hakina ncha. Kifutu alimwuma siku ya ngoma zamani, nyama ikaoza. Hakuficha. Alisema, "Dawa yangu ilinituliza njiani. Aliyeniponya ni daktari wa hospitali."

Nimeandika maneno hayo makusudi, kwa sababu najua baadhi ya wazazi watasema kwamba nataka kuwarudisha watoto kwenye waganga. La, hasha. Mtu akiumwa na nyoka apelekwe hospitali mara moja, asichanjwe wala asifungwe kamba ya kukaza. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba sumu ya nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na mwaka 2017 liliiweka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Wengi wa wanaokufa ni wakulima na watoto wa vijijini, yaani sisi. Wengine watataja nyoka wa Kitabu cha Mwanzo. Mimi si mwanachuoni wa dini, lakini kijana wetu hakusema na nyoka yule. Alimtia katika debe.

Tena, ile dawa ya hospitali hutoka wapi? Hutoka kwa nyoka. Lazima awepo mtu wa kumkamata nyoka akiwa hai, kumtunza na kumkamua sumu, kisha sumu hiyo kidogo kidogo hutiwa katika farasi, na katika damu ya farasi hupatikana kinga. Hakuna mashine ya kumkamata nyoka chini ya gogo. Ni mkono wa mtu.

Hapa yafaa tutazame Uhindi. Kusini mwa nchi ile, karibu na mji wa Chennai, wako watu waitwao Irula, maskini na waliodharauliwa kwa vizazi vingi, waliokuwa wakiishi kwa kuwinda nyoka na kuuza ngozi zao. Sheria ya mwaka 1972 ikaja kuzuia kazi hiyo, wakabaki bila chakula. Mwaka 1978, wakisaidiwa na Romulus Whitaker, mtu aliyezaliwa Marekani na kukulia Uhindi, walianzisha chama cha ushirika. Sasa humkamata nyoka, humkamua sumu, na kumrudisha porini akiwa hai, na sumu yao ndiyo itumikayo kwa sehemu kubwa ya dawa ya nyoka ya Uhindi nzima. Mwaka 2017 wawili wao, Vadivel Gopal na Masi Sadaiyan, waliitwa Florida, Marekani, mahali ambapo chatu wa kigeni, waliotoka kwa wafugaji, walikuwa wameenea katika mabwawa na kuwala wanyama wa huko. Wenyeji wenye vyombo vya kila namna walikuwa wameshindwa kuwaona. Wairula wale, kwa macho yao na fimbo, walikamata chatu 13 katika majuma machache ya kwanza. Mwaka 2023 Serikali ya Uhindi iliwapa wote wawili nishani ya Padma Shri.

Wasomaji, fikirini jambo hilo. Whitaker hakuwafanya Wairula wapagazi wake, wala Wairula hawakumfukuza kwa sababu ya rangi yake. Kila mmoja alikuwa fundi na mwenzake alimwita fundi. Kwetu mambo hayakwenda hivyo. Twamjua C. J. P. Ionides, Mwingereza wa ukoo wa Kigiriki, aliyekuwa bwana nyama kisha akawa mkamataji wa nyoka kule Liwale na Newala mpaka alipofariki mwaka 1968. Alikuwa hodari sana, na kitabu kiliandikwa juu yake. Twamjua Arthur Loveridge, aliyekusanya wanyama watambaao wa Tanganyika na kuwapeleka katika jumba la makumbusho la Harvard. Majina yao wawili yamo katika majina ya kisayansi ya nyoka wetu. Walifanya kazi, basi wapewe haki yao. Lakini waliofunua mawe, na waliokuja mbio kusema nyoka yuko mti gani, majina yao yako wapi? Ni furaha kuona kwamba mambo yameanza kubadilika. Mwaka 2015 kinyonga mpya wa milima ya kusini alipewa jina la Charles Msuya, Mtanzania aliyetumia miaka mingi katika elimu hiyo, na jina la jamii yake, Kinyongia, limetoka katika neno letu wenyewe, kinyonga. Picha yake pia ingefaa kukaa kwenye ubao wetu.

Mtu akiwa hana jina katika kazi, humwachia mwingine mali yake kwa senti chache. Katika msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, yuko mjusi mdogo ambaye dume lake ni la samawati kama anga baada ya mvua. Loveridge ndiye aliyemtia katika vitabu mwaka 1952. Wafugaji wa Ulaya walipompenda, alikamatwa kwa maelfu, na mikadi anayoishi ikakatwa ili apatikane kwa urahisi. Mwaka 2016 Serikali yetu ilipiga marufuku kupeleka wanyamapori hai nchi za nje, na tangu mwaka 2017 mapatano ya mataifa yamezuia kabisa biashara ya mjusi huyo atokaye porini. Nasikitika kufikiri kwamba watoto wa ng'ambo wamemjua mjusi huyo kwa jina na chakula chake, na mimi Mtanzania nimemjua kwa picha tu.

Sisemi kwamba tuanze kufuga nyoka bwenini. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumweka mnyama wa porini bila leseni, na Bwana Mkuu wa Shule angekuwa na neno la kuongeza juu ya sheria hiyo. Ninayotaka ni madogo. Nataka chama chetu cha viumbe kimwalike mzee yule katika ukumbi ule ule, apewe kiti kile kile alichopewa mgeni wetu, na picha yake ibandikwe mahali pale pale. Nataka tuandike daftari la nyoka wa Tabora, kila mmoja kwa jina lake la Kinyamwezi, la Kisukuma, la Kiha, la Kiswahili na la kisayansi, maana bwenini humu tunazo lugha zote hizo na hakuna shule ya Ulaya iwezayo kuandika daftari kama hilo. Na nyoka akionekana tena penye kuni, aitwe kijana wetu pamoja na mwalimu wa zamu, waende na fimbo na debe. Mlinzi aliweke panga lake.

Kuna wenzangu walionionya kwamba nikiandika haya nitaitwa mchawi wa pili. Kidato cha Nne tunaondoka mwaka huu, basi jina hilo halitanifuata mbali. Yeye bado ana miaka miwili na zaidi ya kulala katika bweni lile.

Nimekwisha kumwuliza mzee kama atakuja. Amekubali, ila kwa masharti. Atakuja baada ya mavuno, si kabla. Hatacheza ngoma, kwa sababu magoti yanamwuma na pia hataki kutazamwa kama kitu cha maonyesho. Atazungumza, na mjukuu wake aketi karibu naye kumfasiria. Hataleta nyoka. Macho yake, asema, hayaaminiki tena, lakini ataleta kitunga chake kitupu ili tuone kilivyofumwa. Katibu wa chama ameniambia kwamba jambo hili litaletwa kikaoni Ijumaa ya kwanza ya muhula ujao, saa kumi alasiri, katika chumba cha Baiolojia.